Mashine Iliyocheza Dhumna na Babu Nicanor

Mtaa wa Los Framboyanes,
Moca,
Jamhuri ya Dominika.

23 Oktoba 2018

Mpendwa Mjomba Radhamés,

Naomba baraka zako, mjomba. Najua hapo ulipo umeshatamka "Mungu akubariki, mwanangu" kabla ya kuumaliza mstari huu, nami nimezipokea kwa mikono miwili.

U hali gani? Baridi ya Zaragoza imeshaanza kukuuma masikio? Mkazamjomba Nuria hajambo? Na wale wawili, Izan na Noa, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua mvua ikikaribia, lakini kelele zake ni zilezile, kwa hiyo tunajua ni mzima. Bibi Cándida anasali rozari yake, na kuku wake wanataga popote isipokuwa kwenye viota.

Mama alitaka nikupigie tu simu. Nikakataa. Habari hii nikikupa kwa simu utanikatiza kila dakika, "Haya, halafu? Nani kashinda?" Mimi nataka uisome umekaa, na kahawa yako mkononi.

Kuna jambo ambalo hukuambiwa kwa sababu Babu alitukataza. Tangu uondoke, baba yako hakupata mwenza wa dhumna. Wanaume wa dukani kwa Milagros walimjaribishia kila mtu. Huyu anaongea sana, yule anasinzia, mwingine anatazama wasichana badala ya meza. Mwishowe akaacha kwenda. Jumapili alikuwa anakaa barazani na redio yake, kete zikigongwa ng'ambo ya barabara, naye akijifanya hazisikii. Quírico naye, mpinzani wake wa miaka yote, unamjua, hakosi kupita karibu na ua wetu makusudi.

"Nicanor! Umestaafu au umefukuzwa?"

"Nimekuonea huruma."

"Basi njoo unionee huruma mezani!"

Babu anaongeza sauti ya redio.

Sasa mambo yangu. Unajua kwamba mwaka wa kwanza nilianguka somo la kuandika programu. Ambalo hujui ni kwamba kwetu ukianguka mara ya pili unaondolewa kabisa kwenye kozi ya kompyuta. Mama alikuwa ameshaniulizia nafasi ya kusomea uhasibu na kuniletea karatasi ya kujaza. Alinikalisha jikoni akaniambia kwa upole, na Mama akiwa mpole ujue hali ni mbaya: "Yudelka, kuna watu wana kichwa cha mitambo, na kuna watu wazuri tu wa kawaida. Sisi ni wa kawaida, mwanangu."

Nililia, sikatai. Si kwa sababu ya aibu. Mjomba, mimi kazi hii naipenda. Tangu nikiwa mtoto pale maktaba ya parokia, nilipoandika mistari michache na nyota ikajichora kwenye kioo, sijapata kuona kitu kinachonifurahisha hivyo. Unaandika neno, na kitu ambacho hakikuwepo kinakuwepo. Kama umekosea, hakikuonei haya wala hakikufichi. Kinakataa tu, na wewe unarudi kutafuta umekosea wapi. Chuoni niliangushwa na mitihani ya karatasi, ambako hakuna kinachokataa wala kukubali.

Mwalimu wetu wa safari hii, Ofelia Tavárez, akatupa kazi ya mwisho wa muhula: tuandike programu ambayo mtu asiye mwanafunzi ataitumia kwa hiari yake, bila kubembelezwa. Wenzangu wakaanza mambo ya saluni na orodha za wateja. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikimtazama Babu anavyojifanya hasikii kete, nikajiambia, basi, nitamtengenezea mwenza.

Usicheke. Babu mwenyewe alishacheka akatosheka. Lakini alikubali kunifundisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tatizo ni kwamba baba yako anajua kucheza, hajui kueleza.

"Babu, kwa nini umeweka tatu na si tano?"

"Kwa sababu tano ni ujinga."

"Kompyuta haijui ujinga ni nini."

"Ina bahati. Ingemjua Quírico."

Nikawa namvuta neno moja moja, kama anayetoa mwiba. Kete zipi zimeshatoka. Nani amepita bila kuweka kete, na amepita kwenye namba gani, maana aliyepita kwenye tano hana tano hata moja. Kila alichosema nikakigeuza kuwa amri. Mashine ikaanza kucheza ovyo, halafu ikacheza kama mtoto, halafu siku moja ikanifunga mimi. Nilirukaruka jikoni mpaka Bibi akadhani nimeunguzwa na mafuta.

Nikaona imeiva. Nikamchukua Babu, na kompyuta yangu mpakato, hadi kwa Milagros. Utaratibu ulikuwa hivi: nakaa kiti cha mwenza, naiambia mashine kete zetu na kila inayowekwa mezani, nayo inaniambia niweke ipi. Mimi ni mikono tu.

Mjomba, tuliaibika. Babu akifungua njia kwenye sita zake, mashine inakuja kuiziba. Akifungua tena, inaziba tena. Mara ya tatu alizilaza kete zake kifudifudi. Quírico alicheka mpaka akashika nguzo.

"Compadre, rafiki yangu! Hata mashine imekukimbia!"

Na shemeji yake Mencho, ambaye huwa haongei, siku hiyo akapata sauti: "Hiyo si mwenza, hiyo ni mpelelezi wetu!"

Babu alirudi nyumbani mbele yangu, haraka kuliko magoti yake yanavyotaka. Mlangoni akasema tu, "Nimekushukuru, binti yangu. Inatosha."

Nilikaa na programu ile nikiisoma tangu juu hadi chini. Hesabu zilikuwa sawa. Kumbukumbu ya kete ilikuwa sawa. Mchana wote sikuona kosa. Mwishowe nikaacha kutazama hesabu, nikajiuliza mashine inadhani iko wapi, imekaa na nani. Hapo nikaliona. Nilikuwa nimeiambia kwamba mezani kuna wachezaji wengine watatu, na kazi yake ni kuwazuia. Watatu! Sikuwa nimeiambia popote kwamba mmoja wao ni wa kwake. Kwa mashine, Babu alikuwa adui kama Quírico. Ilikuwa inatii kwa uaminifu mkubwa, na mwenye kosa ni mimi niliyesahau kuiambia jambo ambalo binadamu anaona halina haja ya kusemwa.

Kulirekebisha hakukuwa kwa mstari mmoja. Ilibidi niifundishe kujiuliza kila zamu: mwenzangu anataka nini, ana nini mkononi, nimwachie mlango gani wazi? Nikaiacha ijichezee yenyewe kwa maelfu ya michezo kwenye maabara ya chuo, na kila niliporudi ilikuwa na adabu zaidi.

Kumrudisha Babu ndiyo ikawa kazi. Sikumwomba. Niliiweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, nikacheza na Mama na Bibi. Babu akapita kwenda kunywa maji. Akapita tena. Safari ya tatu akasimama nyuma yangu.

"Hiyo mbili imemwekea Cándida makusudi?"

"Ndiyo, Babu. Imejua ana mbili."

Akavuta kiti. "Cándida, nipishe."

Tukajiandikisha mashindano ya sikukuu ya Mama wa Rozari. Quírico alipinga mbele ya watu wote kwamba sheria hairuhusu mashine. Milagros, ambaye ndiye msimamizi kwa kuwa meza ni zake na bia ni zake, akamjibu akiwa bado anapima mchele: "Sheria inasema viti vinne na mikono minane. Ya akili haikusema kitu, ingesema wewe usingecheza." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini aliweka sharti: nisimtazame Babu usoni. Nikacheza nimeinamisha kichwa kama niko kanisani.

Tukawapita wa mtaa wa juu. Tukawapita wale ndugu wawili wa karakana ya pikipiki. Fainali, nani mwingine? Quírico na Mencho. Watu walipanda hadi juu ya kreti za soda.

Walikuwa mbele yetu kwa pointi tangu mwanzo. Wanacheza vizuri, mjomba, tuwape haki yao. Tukafika raundi ambayo wao wakiipata wamemaliza, na sisi ili tushinde ilibidi tufunge kwa kapikúa, kete ya mwisho inayoingia ncha zote mbili na kuleta pointi za ziada. Pointi za kawaida zisingetosha.

Babu ndiye aliyeanza. Kete zikaenda, zikaenda, mpaka yeye akabaki na moja na mimi nikabaki na mbili. Mezani ncha moja ilikuwa nne, nyingine moja. Mkononi nina nne-mbili na sita-moja. Mchezaji yeyote wa Moca angeitupa ile sita-moja, ni nzito, ukishindwa inakuhesabia.

"Weka, weka, betri itakwisha!" Quírico akapiga kelele, maana ndiye anayecheza baada yangu.

Mimi nikakumbuka kwamba Quírico alishapita kwenye mbili, na baadaye akapita kwenye moja. Mencho naye alishapita kwenye moja. Kete ya mbili-moja haijatoka, kwangu haipo, na kwa hao wawili haiwezi kuwepo. Mkono wangu ukawa umeshaishika nne-mbili kabla sijasoma kioo. Nikakitazama. Mashine nayo ilisema: nne-mbili.

Nikaiweka. Ncha zikawa mbili na moja. Quírico akatazama kete zake, akatazama meza, akatazama tena kete zake kana kwamba zingebadilika. Akagonga meza. Amepita.

Babu hakuharakisha. Aliinuka kwanza. Akaiinua ile kete juu ya kichwa chake, na akaishusha kwa kishindo kilichoangusha chupa mbili.

"Kapikúa! Kapikúa, Quírico! Ingiza upande unaotaka, mimi nakuruhusu!"

Mjomba, sijui nikuelezeje. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia kwa ajili ya Mama wa Rozari, lakini mimi nilijua zinalia kwa ajili yetu. Walimbeba Babu mabegani, na goti la Mama likapona ghafla, akacheza dansi ya merengue na Mencho. Quírico akaja kuiinamia kompyuta na kuipa mkono, kwa heshima kabisa. "Hongera, mheshimiwa," akaiambia.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya Mwalimu Ofelia. Aliuliza nani ametumia programu yangu bila kubembelezwa. Nikamwambia ni babu yangu, na kwamba nililazimika kumnyang'anya ili nije nayo. Akataka kucheza. Akafungwa. Akataka tena, akafungwa tena, wenzangu wakipiga makofi. Nimefaulu, mjomba. Nimefaulu nikiwa wa kwanza darasani, na muhula ujao amenitaka niwasaidie wanaoanza, hasa wale wanaolia. Mama ameikunja ile karatasi ya uhasibu akaiweka chini ya mguu wa jokofu, ambalo sasa halitikisiki.

Nimalizie na la juzi Jumapili. Nilimfuata Babu kwa Milagros, kompyuta kwapani kama kawaida. Nikakaa, nikaanza kuifungua. Akakifunga kifuniko kwa kiganja chake.

"Iache ipumzike."

"Babu, utacheza na nani?"

"Siku ya fainali mkono wako ulitangulia. Nilikuona. Hiyo mashine iliyajua yale kwa sababu kuna mtu aliyajua kwanza." Kisha akawageukia wale wanaume, maana unajua kwenye meza ile hajawahi kukaa mwanamke kucheza kwa akili zake mwenyewe. "Mwenye neno aseme sasa, mapema, maana tukishaanza nataka utulivu."

Quírico akakuna kidevu, akazichanganya kete, na akanisukumia mimi nichague kwanza.

Tuliwafunga, mjomba. Kwa vichwa vyetu wawili, tuliwafunga!

Mpe mkazamjomba Nuria salamu zangu nyingi, na uwabusu Izan na Noa. Bibi Cándida anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Mama anakusalimu. Milagros anakusalimu. Babu Nicanor anasema ana afya nzuri na hana muda wa kuandika, yuko mezani.

Mama wa Rozari akufunike kwa joto lake katika baridi hiyo, akulindie kazi yako na nyumba yako.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,

Yudelka