Ng'ombe wa Baba Mkwe Mtoni

Benedicto, nimejifungia chooni hapa Murusagamba. Usinipigie, watasikia.

Ile kazi ya filamu niliyokuambia, ya kuangalia wanyama wasiumizwe. Nikiinua kitambaa chekundu, kila mtu anasimama. Mimi niliyeishia darasa la tano walinichukua kwa sababu najua ng'ombe.

Sasa ng'ombe aliyeletwa leo ni wa baba mkwe, kawakodisha kwa hela. Mzee Bonaventura mwenyewe kakaa mbele kwenye kiti, kavaa koti la kanisani!

Mwigizaji anavuka mto na ng'ombe, kama mkimbizi. Wamemvusha mara tatu. Mara ya tatu ng'ombe kapiga magoti kwenye tope. Kapiga magoti, Bene!

Mwongozaji akauliza, "Mzee, huyu hana mimba?" Mzee akajibu, "Mimba ya wapi! Muulizeni mkwe wangu."

Anayo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa dume mwezi wa sita, na mzee alikuwepo!

Wote wakanigeukia. Tangu nimwoe Claudia sijawahi kumpinga baba yake hata kwa neno moja, unajua.

Nikasema, "Hana." Mimi, kwa mdomo wangu! Mzee akacheka, "Si niliwaambia? Mkwe wangu hadanganyi."

Nasikia wanaita watu. Wanamvusha tena.

Siwezi, Bene. Natoka kuwasimamisha. Claudia akikupigia akilia kwamba nimemwaibisha baba yake mbele ya watu, usinitetee. Mwambie tu ng'ombe ametoka majini.