Utakula?

Migori
16 Septemba 1996

Mpendwa Mama Bichage,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mguu umepungua kuvimba na ndizi zinanunuliwa hapo sokoni. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauko sawa. Naandika Kiswahili maana Kikisii changu huwa unakicheka, na Kijaluo chako afadhali ninyamaze.

Jumapili ile ulipokuja kuniona, wiki mbili baada ya mimi na wanachuo wenzangu kurudi kutoka Denmaki, ulikaa nusu saa tu ukasema umekumbuka kazi. Nilikusindikiza hadi barabarani na hukunitazama. Jana Bichage amepita hapa akaniambia, "Mama amesema kwa Lorine harudi." Nimemuuliza sababu, akasema nijiulize mwenyewe. Nimejiuliza, sijapata.

Mama yangu alipokufa ni wewe uliyenichukua, mtoto wa Kijaluo, ukanilaza kitanda kimoja na watoto wako mpaka nikamaliza shule. Nikikukosa wewe, sina mahali pa kuita kwetu. Tafadhali niambie kosa langu.

Mwanao,
Lorine

Kosele
25 Septemba 1996

Lorine,

Barua nimepata. Hapa hatujambo. Mguu ni ule ule.

Unajifanya hujui. Nimebadilisha gari mara mbili, nimebeba ndizi na kuku mzima ananichafulia rinda, ninaingia kwako, sijaketi vizuri, unaniuliza, "Mama, utakula?" Nilidhani sikusikia. Ukaniuliza tena. Sasa mtu mzima na akili zake atajibu nini? Aseme ndiyo, nina njaa, kama ombaomba? Nikasema nimeshiba. Na wewe ukafunika sufuria, nikiona.

Mgeni anaulizwa kama kwao mvua imenyesha. Chakula hakiulizwi, kinaletwa. Anayeuliza anataka kusikia hapana. Hata yule mama tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, nikipita kwake ananiwekea ugali. Nimelia ndani ya gari mbele ya watu. Kama Ulaya ndiyo imekufundisha hivyo, kaa nayo.

Mimi,
Bathsheba Nyasuguta

Migori
2 Oktoba 1996

Mama,

Sina nguvu ya kuuliza hali yako kama kawaida, lakini nakuombea uwe mzima. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa chini. Nisamehe. Acha nikueleze, si kujitetea.

Kule Denmaki niliwekwa kwa mwalimu mmoja mama, anaitwa Kirsten. Jioni ya kwanza ameniuliza, "Utaongeza viazi?" Nikasema hapana, asante, nikingojea anilazimishe kama wewe unavyofanya. Hakulazimisha. Aliondoa sahani. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilijua ananichukia. Nililala njaa, Mama, kwenye nyumba yenye friji mbili. Siku ya nne akanikuta jikoni nalamba sukari. Aliketi sakafuni akalia. Akasema kwao kumpa mtu chakula bila kumuuliza ni kumfanya mtoto mdogo, na mtu akisema hapana, unamwamini.

Nikalizoea lile swali mpaka nikaliona tamu. Siku ile nilikuuliza nikidhani nakuheshimu. Nilisahau nimerudi.

Kirsten anakuja Kenya mwezi ujao. Anataka kuona nilikolelewa, na ni kwako. Utampokea?

Mwanao,
Lorine

Migori
13 Novemba 1996

Mama,

Hujambo? Wiki sita hujajibu. Kirsten atafika Jumatano, tarehe 20. Mimi nina mtihani siku hiyo, siwezi kutoka, kwa hiyo Bichage ndiye atamleta. Kama hutaki, mwambie Bichage amrudishe, nitaelewa. Nitatafuta la kumwambia.

Lorine

Kosele
24 Novemba 1996

Mwanangu Lorine,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima, mguu umepungua. Huo mtihani uliuonaje?

Mzungu wako alifika. Sikumrudisha, mgeni harudishwi kwa makosa ya mtoto wangu. Nilimpikia kuku, ugali wa wimbi na zile mboga za chinsaga. Alimaliza sahani yote, akapangusa mpaka mchuzi. Nikasema huyu hajashiba, nikamjazia. Akamaliza. Nikajazia tena. Mara ya nne uso umekuwa mwekundu, jasho linamtoka, machozi yako karibu, na bado anakula, ananitazama kama mwanafunzi anayeogopa mwalimu. Bichage alikuwa anacheka nyuma ya mlango, mjinga yule.

Nikamwambia Bichage, muulize huyu mama kama anaweza kuendelea. Kwa hayo maneno nimeona aibu kama nimemfukuza. Bichage akamuuliza kwa Kiingereza. Yule mama akaweka kijiko, akanishika mikono yote miwili. Alisema kwao kubakisha chakula cha mwenye nyumba ni kumtukana. Kumbe alikuwa anakula kwa kuniogopa.

Tulicheka mpaka nikakohoa. Alipoenda, nikakaa peke yangu nikakufikiria. Wewe mtoto mchanga wa akili kule mbali, unalala njaa kwa mtu mwema, hakuna wa kukulazimisha, na mimi hapa nalala nimeshiba. Hiyo imeniuma kuliko ile sufuria. Nilikuwa na hasira na mtoto aliyeteseka. Nisamehe na wewe.

Wiki sita sikujibu kwa sababu ya kiburi, si kalamu.

Jumapili ninakuja Migori. Nitatoka hapa bila kunywa uji.

Mama yako,
Bathsheba