Kengele ya Baiskeli ya Mzee Nasor

Alhamisi, 10 Desemba 1998

Kofia ya kuimbia imenitoa vipele kwenye paji tena. Sufu nzito katika joto la Maskati, nani alifikiria hili? Jana niliimba nyimbo za huzuni tupu, watu wa mafuta wakacheka na kugonga glasi. Meneja wa hoteli ananitambulisha vilevile: Becky kutoka Texas. Mimi ni Wangeci wa Kinangop, Kenya. Texas naijua kwa kaseti za baba tu.

Lakini kwetu nilieleweka. Ng'ombe, baridi, matope, watu wanaolia kanisani. Kinangop wanaupenda muziki wa kantri kuliko wenye nao. Kule Nyahururu nilipoanza, hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Mkataba unaisha baada ya Idi. Meneja anataka ndiyo au hapana. Sijui.

Jumamosi, 12 Desemba

Nimekasirika. Kila alasiri nikifanya mazoezi, Mzee Nasor, mwenye nyumba, hutoa kiti chake na kukaa chini ya ngazi kunisikiliza. Nilidhani anafurahi. Leo ameniita.

"Hizi zote nyimbo za watu, mwanangu. Yako wewe ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.  Miaka yote hii jukwaani, Nyahururu, Nairobi, sasa huku, na sina hata wimbo mmoja niliotunga. Si kwamba nimeshindwa. Sijawahi kujaribu. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ili nisinune akanisimulia habari za ujana wake Unguja. Kabla hajamposa mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akipita mbele ya nyumba yao na baiskeli nyeusi, anapiga kengele, anaendelea bila kugeuza shingo. Hakuthubutu hata kusalimia. Alivyosimulia alikuwa na haya kama kijana.

Hiyo ni kantri kabisa. Mzee wa watu hajui.

Ijumaa, 18 Desemba

Kanisani asubuhi, maana huku ibada ni Ijumaa, hotelini jioni. Ndiyo mara ya mwisho, Ramadhani inaingia na muziki unafungwa mwezi mzima. Krismasi ya kimya. Anton, mpiga gitaa, anakwenda kwao Goa. Ameniachia gitaa lake la pili. Ninajua kodi nne za kushika kwenye nyuzi, labda tano nikiwa na bahati.

Jumatatu, 21 Desemba

Mwezi uliandama jana. Magharibi Bi Zuwena ameniletea sahani mpaka mlangoni: sambusa, kalimati, uji wa ngano wenye nyama. Mimi si Muislamu, sijafunga, nimeshiba chapati za mchana. Anasema haiwezekani watu wa nyumba moja wengine wafuturu na wengine wakae tu. Nimekula zote. Namwita Bi Zuwena, lakini moyoni namwita mama. Sijamwambia.

Jumapili, 27 Desemba

Nimeanza. Wimbo unaanza hivi:

*Baiskeli nyeusi ya Nasor,*
*inapita, haisimami.*

Kisha kengele mara mbili, kisha kiitikio. Sikumbuki alisema alipiga mara ngapi. Nimeweka mbili kwa sababu zinakaa vizuri kwenye gitaa. Kiswahili kwa kodi za kantri, sijui hata kama inaruhusiwa. Nikiimba polepole nasikia kama tenzi za kanisani. Nikiharakisha nasikia upuuzi.

Mzee ameuliza tena yako ipi. Nimemwambia asubiri Idi. 

Jumatano, 30 Desemba

Mzee amefariki. Alisali alfajiri, akalala, hakuamka. Adhuhuri walikuwa wameshamzika. Nilitoka dukani Ruwi nikakuta viatu vimejaa mlangoni, nikafikiri ni wageni.

Kwa haraka namna hiyo. Kwetu tungekaa naye wiki nzima. Sikumuaga. Wimbo hajausikia.

Kiti chake bado kiko chini ya ngazi.

Alhamisi, 31 Desemba

Nimefanya nini, Mungu wangu.

Kwetu hakuna anayekwenda kwenye msiba na mdomo uliofungwa. Unaingia na wimbo mlangoni. Mfiwa akikaa kimya maana yake hana watu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikamchukua Rhoda wa kwaya, anayefanya kazi saluni Khuwair, tukavaa kanga, tukajifunga vitambaa kichwani, tukashuka.

Wanawake wamejaa sebuleni, wamekaa chini, wanasoma juzuu. Tukangoja wamalize. Wakamaliza. Kimya.  Bi Zuwena peke yake pale ukutani, amejitanda nyeupe, hakuna anayemwimbia. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza.

*Baiskeli nyeusi ya Nasor.*

Rhoda hajui wimbo, lakini Rhoda ni Rhoda, akaingia na sauti ya pili. Vichwa vyote vikageuka. Mama mmoja akasema astaghafirullah. Bi Zuwena akavuta mtandio akafunika uso. Asila, binti yake, akaja akanishika mkono, si kwa ukali.

"Dada, kwetu hakuimbwi kwenye msiba. Naomba."

Sikufika hata kwenye kengele.

Nimemwimbia mjane habari za uchumba wake mbele za mashemeji. Katikati ya Ramadhani. Natamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 1 Januari 1999

Rhoda anasema hatukukosea, tulikwenda na upendo. Nasema tulikosea. Anasema basi tukaombe radhi. Nasema nani atakayenifungulia. Tumegombana kwenye maegesho ya kanisa hadi watu wakatutazama. Mwaka mpya mwema.

Jumanne, 5 Januari

Sahani haiji. Matanga yamekwisha juzi, viatu mlangoni vimepungua, na bado haiji. Najua mtu aliyefiwa hapiki kalimati. Najua pia kwamba Asila ananisalimia kwa kichwa tu. Inawezekana ni huzuni. Inawezekana ni hasira. Napanda ngazi kwa ncha za vidole kama mwizi, katika nyumba ninayolipia kodi.

Gitaa nimelisukuma chini ya kitanda.

Jumatano, 13 Januari

Bi Zuwena yuko kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, hatoki. Rhoda ameuliza kazini akaambiwa wanawake wanaweza kumtembelea. Nimesimama nje ya mlango wake leo mkono ukiwa juu, tayari kubisha. Nikarudi zangu juu.

Meneja amepiga simu. Ndiyo au hapana? Nimemwambia labda narudi Kenya. Akasema Becky, fikiri vizuri. Nikafikiri: anaongea na nani? Nikakumbuka swali la mzee, nikalia kwa mara ya kwanza tangu afe. Nimelia vibaya, na kamasi. Nikamwambia aandike jina langu kwenye bango au atafute Becky mwingine. Amekata simu. Sijui kama amekasirika au laini imekatika tu.

Alhamisi, 21 Januari

Idi imepita. Hapakuwa na shamrashamra nyumba hii. Alasiri Asila amepanda kuniita. "Mama anakutaka." Nimeshuka.

Bi Zuwena amekonda. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi, maneno yote yakatoka pamoja, Kiswahili, Kikuyu. Akaninyamazisha kwa mkono. Akamtuma Asila jikoni kuleta kahawa. Tukabaki wawili.

"Alikwambia habari ya baiskeli."

Nikasema ndiyo, alinisimulia.

"Miaka yote nnamuuliza kama alikuwa akiipiga kengele kwa ajili yangu, anakataa. Anasema alikuwa akifukuza kuku." Akavuta mtandio ukafunika uso, vilevile kama siku ile. Safari hii nilikuwa karibu. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua.

Kisha akasema: "Usiimbe. Nambie maneno tu."

Nikamwambia. Bila gitaa, bila sauti ya jukwaa, kama mtu anayeeleza njia. Baiskeli nyeusi. Inapita, haisimami. Kengele mara mbili, na msichana nyuma ya pazia.

Hapo akanikatiza.

"Mara mbili alikuwa akipiga mwenye samaki. Nasor mara tatu."

Asila akaingia na kahawa. Tukanywa.  Nilipoondoka akanipa sahani nipande nayo, kalimati zilizopoa kidogo.

Nimelitoa gitaa chini ya kitanda. Nimefuta mbili, nimeandika tatu. Tatu nazo zinakaa vizuri kwenye gitaa.