Wimbo wa Mzee Jivan Redioni

Dukani kwa Mzee Jivan,
S.L.P. 38,
Tororo, Uganda.
14 Agosti 1966

Mpendwa mdogo wangu Owor,

Pokea salamu za nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Nairobi? Na mkeo Selpher, amejifungua salama? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini bado anapalilia mihogo yake mwenyewe kule Iyolwa.

Barua yako ya mwezi jana ilinifikia. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na hata sasa haijaisha.

Unajua nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya Mzee Jivan miaka saba. Wewe ulikuwa ukija kila Jumamosi na gitaa lako, unakula chapati zake, anakupigia kinanda mpaka duka linafungwa. Kisa chake cha Bombay unakijua. Lakini nitakukumbusha, maana naona umekisahau.

Filamu za kwao zilipoanza kuwa na sauti, yeye alikuwa kijana wa kupiga kinanda kwenye michezo ya jukwaani. Studio moja ikamchukua, akaitungia nyimbo za filamu kumi na moja. Mwigizaji aliimba mbele ya kamera, naye Mzee na wenzake walipiga wakiwa wamejificha nyuma ya kichaka, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimoja tu. Nyimbo zikapendwa sana. Lakini kwenye santuri waliandika jina la mwigizaji, na kwenye filamu jina la mkwe wa mwenye studio, mtu asiyejua hata kinanda kinafunguliwa vipi. Mzee alipodai jina lake alifungiwa mlango, na studio nyingine zikaambiwa ni mkorofi. Ndipo kaka yake akamwita Tororo kuja kukata vitambaa.

Wimbo ule uliourekodi, Mzee aliutunga mkewe alipofariki. Hakumpigia mtu yeyote isipokuwa mimi na wewe. Umeuwekea maneno ya mwanamke wa Busia anayevuka mpaka kumkimbia mumewe.

Mwezi wa sita redio ya dukani iliupiga. Mzee alikuwa anamkatia mteja kitambaa, mkasi ukasimama. Akasikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji akasema mtunzi ni wewe.

"Prossy, huyu ni ndugu yako?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Huyu napiga vizuri," akasema. Mteja alipoondoka, akasema tena, "Wale wa Bombay walikuwa wakubwa, hawanijui. Huyu alikuwa nakula kwangu."

Nilimwomba msamaha kwa niaba yako. Akaniuliza kama uzi mweusi umekwisha.

Tangu siku ile hajagusa kinanda. Mwisho wa Septemba anahamia Jinja kwa mpwa wake, na sidhani kama atarudi.

Mama hajui lolote. Wimbo ukianza anaita majirani waje kusikia jina la mwanawe, na anaucheza na goti lake bovu. Nikitaka kumwambia, nashindwa. Mzigo huo umenitwisha wewe.

Sikuombi mengi. Nenda kwa hao waliokurekodi, uwaambie wimbo ni wa nani. Halafu uje Tororo kabla Mzee hajaondoka, umwambie wewe mwenyewe. Usinitume mimi.

Uliniomba nimwulize kama ana nyimbo nyingine za kukupa. Nilimsomea sehemu hiyo ya barua yako bila kuruka neno. Alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, akakirudisha mahali pake. "Mwambie ninazo tatu," akasema, akaingia ndani.

Nisalimie Selpher na mama yake, Edah. Shangazi Apolot wa Osukuru anakusalimu; naye pia hajui. Barua hii nampa Rasto wa malori ya Busia ili ikufikie mkononi. Mungu akulindie nyumba yako, na akupe ujasiri wa kusema kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,

Proscovia