Simu Moja, Wazee Wawili

Jumatatu, 21 Desemba

Siku ya kufua. Mashati meupe manane kwenye kamba, manne yangu, manne ya mwenzangu. Kanisani kwetu mmisionari wa kiume huitwa Mzee hata akiwa na miaka ishirini, na mama mwenye nyumba, fundi cherehani wa hapo chini, bado hajachoka kucheka. Wazee gani nyie, kidevu kama goti! Ndiye aliyetubandika majina: mwenzangu Mzee Mrefu, mimi Mzee Mfupi.

Nimeongea na mama yangu kwa simu. Nyuma yake nyundo ya baba – ngo, ngo, ngo – anachomelea geti la mtu. Miezi kumi na moja, hiyo nyundo ndiyo sauti pekee ya baba ninayoipata. Aliniambia nikiiacha karakana yake nikavaa hilo shati jeupe, nisimtafute. Sijamtafuta. Leo mama kasema: Krismasi, saa tisa alasiri, baba atapiga mwenyewe. Nikamuuliza baba yupi huyo? Akacheka. Nyundo ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Atapiga! Baba akishika simu hasalimii wala hangoji jibu. Anamwaga yote, anakata. Amwage tu.

Jioni. Nimeinama kutafuta pasi, nikaliona begi la Mrefu chini ya kitanda. Limefungashwa. Hata picha ya marehemu baba yake haiko ukutani. Kanikuta nimeinama vilevile. Kasema anarudi kwa mama yake kabla ya mwaka mpya, nisimwambie mtu. Baba yake alifariki yeye akiwa huku, mwezi wake wa tatu. Alibaki kwenye kazi, hakuzika. Amebakiza miezi mitano amalize utumishi. Nikamwambia siri yako ni yangu.

Kila Jumatatu tunamwandikia rais wa misheni, mkuu wetu wa kazi, barua. Yangu nilikuwa sijaituma. Simu tunayo moja, hukaa kwa Mrefu kwa kuwa ndiye mkubwa, ila alikuwa anaoga. Nimeongeza mistari mitatu kuhusu begi. Nimetuma. Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumanne, 22 Desemba

Mvua. Tumebisha milango kumi na sita, umefunguka mmoja. Baba mmoja na taulo kiunoni, akadhani tumekuja kusoma mita.

Kanuni yetu: mwenzako asitoke machoni pako. Chooni na bafuni tu. Siku zote nimeiona kama kanuni ya kulindana. Leo nimemwangalia kama askari anavyomwangalia mahabusu, na naona haya.

Nilijiambia nimemwandikia rais kwa ajili yake. Uongo mtupu. Akiondoka, sitaachwa peke yangu hapa, nitahamishwa siku hiyohiyo, na simu itarudishwa ofisini. Nilikuwa nafikiria saa tisa.

Daftari hili sasa linakaa mfukoni. Siliachi nyumbani.

Jumatano, 23 Desemba

Rais kapiga asubuhi, kamtaka Mrefu. Mimi napiga mswaki – jino moja tu, dakika tano nzima. Atakuja Jumamosi waongee.

Mrefu kaniuliza: nani kamwambia?

Nimesema sijui. Rahisi hivyo!

Akafikiri. Akasema basi ni huyu mama wa chini, aliliona begi alipotuletea suruali juzi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mchana mama kamsalimia, Mrefu kapita kama haoni mtu. Mama kabaki na pini mdomoni. Baadaye kanishika mkono: mwanangu, huyu nimemkosea nini? Nikasema amechoka tu, mama.

Bibi alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naona inazidi kurefuka.

Alhamisi, 24 Desemba

Tumeimba hospitalini na vijana wa kanisa. Mrefu ana sauti nene, mgonjwa mmoja kamwomba arudie ubeti. Karudia, macho ameyafumba.

Tukipanda ngazi za nyumbani nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikauliza kama mkate umebaki.

Ijumaa, 25 Desemba

Kituo cha mabasi, saa kumi kasorobo. Naandikia magotini.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Saa nane na nusu nikaingia kuoga, baba asinikute mchafu – kwenye simu! Mjinga mimi. Natoka: Mrefu hayupo. Begi hakuna. Simu hakuna. Nimevuta suruali na shati, nimeshuka mbio. Mama wa cherehani kasema: kapita na begi, kaelekea kituoni, hata kwaheri hakuniaga.

Nimekimbia na ndala, vifungo wazi. Hapa hanisomi mtu, niseme kweli: nilikuwa naikimbilia simu.

Nimemkuta kwenye benchi, tiketi mkononi. Sikumuuliza hali. Nilisema: simu iko wapi?

Macho yake mekundu. Kasema, baba yako kapiga. Nilimwambia mimi si mwanawe, hakusikia, alikuwa keshaanza. Kaongea robo saa. Kakata.

Maneno yangu! Nimeyangoja miezi kumi na moja, yameingia sikio la mtu mwingine! Nimemnyang'anya simu. Nimempigia baba, simu yake imezimwa. Nimempigia mama. Kasema baba kaiweka simu mezani, kanawa uso, katoka kutembea. Kaacha ujumbe kwamba ameshasema, harudii. Ndiye huyo baba yangu.

Nikamgeukia Mrefu kwa hasira: kwa nini uliondoka na simu? Kasema alitaka kuniachia kwa mama wa chini. Ila hawasemeshani.

Nimekaa chini.

Basi lake likawashwa. Kondakta kaita mara mbili: we mrefu, unapanda hupandi? Hakupanda. Limeondoka. Nimemuuliza baba kasemaje. Kasema: hayo ndiyo niliyokuwa naenda kuyatafuta nyumbani, Mzee, na nyumbani hayupo tena wa kuniambia.

Basi nikatoa daftari, maana mikono sikuwa na kazi nyingine ya kuipa. Yeye kakaa kando, midomo inacheza. Anayarudia moyoni yasimpotee.

Sasa hivi kasema: lete hilo daftari. Nikuandikie yote, neno kwa neno, kabla hayajanitoka. Kwa mdomo nitayapunguza, na si yangu ya kupunguza.

Nimeshika ukurasa wa mwisho nimchanie. Kanizuia mkono. Usichane, kasema. Maneno ya baba hayawekwi kwenye kikaratasi. Nipe lote.

Jumatatu iko humu. Jumatano iko humu, na mama na pini zake mdomoni.

Kalamu tunayo hii moja. Mkono ameunyoosha, haniharakishi, anangoja tu nimalize kuandika