Taa Nyekundu Juu ya Nyanya za Shangazi

Jumamosi, jioni. Iringa mjini ni upepo na baridi, nimeoga mara mbili, na bado nanuka nyanya zilizooza.

Nimetoka Ilula kwa shangazi. Matenga yake yote ya nyanya yamegeuka uji. Maji mekundu yanachuruzika hadi mlangoni, nzi wamejaa, funza wanatambaa. Juu ya uozo huo ilikuwa inaning'inia taa nyekundu, inawaka.

Kinyaa. Sina neno lingine.

Taa hiyo aliuziwa na shemeji yangu, mume wa dada. Anawazungukia wakulima akisema inapoza mazao kwa mwanga, na kwamba mwalimu wa fizikia amethibitisha.

Mwalimu huyo ni mimi.

Niseme ukweli. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wao, shemeji aliniuliza chuoni tulisoma nini cha maana. Nikajimwambafai, nionekane msomi. Nikasema siku hizi wanasayansi wanapoza vitu kwa mwanga wa leza hadi baridi isiyopatikana kiasili popote duniani. Ni kweli kabisa. Ila ni atomi tu, ndani ya chombo kilichotolewa hewa, na leza imepangwa kwa makini ili atomi inayoijia isukumwe na mwanga, ipunguze mwendo. Kupungua huko kwa mwendo ndiyo baridi yenyewe. Nyanya ukiimulika unaipasha joto tu.

Hayo ya mwisho sikuyasema. Watu walikuwa wamenitolea macho, nikanogewa.

Shangazi alikuwa meza ile ile. Kila mavuno hufunika matenga yake kwa majani na kuyaweka penye upepo. Safari hii aliyatoa majani ili mwanga upenye, akafunga na madirisha ili usitoke nje.

Leo alinishika mkono, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Labda mie ndo niliifunga vibaya. Wewe si unaijua? Niangalizie basi."

Nikajibu nitaiangalia. Nikaifungua, nikaja nayo mjini kama fundi.

Shemeji ni tapeli, sitaki hata kumwona. Lakini mimi nimejichukia zaidi. Nimemwacha mama mzee anajilaumu kwa kosa langu, kwa sababu niliona aibu.

Kesho narudi Ilula, ibada ya kwanza. Wakati wa matangazo nitaomba kusimama, niwaambie wote wazime taa hizo, na kwamba shangazi hakukosea kitu. Nitaanza na hilo la shangazi, kabla ujasiri haujaniishia.