Kufuli ya Kufungia Macho

Jumatatu, 1 Juni 1998
Geti jipya limefika! Bati tupu, lakini geti. Tangu mafuriko yaangushe ukuta, ploti yetu imekuwa njia ya mbuzi na watu wa kila namna. Ruwaida wa chumba cha pili ndiye aliyemwandama mwenye ploti mpaka akakubali. Mwanamke yule ana mdomo!
Tumecheka leo. Bonaya, yule kijana Muorma aliyehamia juzi chumba cha getini, hufunga mlango wake hata akienda chooni — kisha anaivuta kufuli kuhakikisha. Sisi wenyeji tukienda bombani tunaining'iniza tu bila kuibana. Kufungia macho, ndivyo tunavyoita. Mpita njia akiona kufuli anajua kumefungwa, nasi haturudi kuhangaika na ufunguo huku ndoo iko kichwani.

Alhamisi, 4 Juni
Nimeibiwa. Cherehani! Narudi bombani, kufuli inaning'inia vilevile nilivyoiacha. Nikatua ndoo, nikaingia — miguu ya cherehani imesimama peke yake, kichwa hakuna. Kimefunguliwa kwa utulivu, skrubu zimepangwa chini. Nimelia kama nimefiwa. Ile cherehani ndiyo mume wangu tangu nilipoachika. Ndiyo unga, ndiyo kodi. Na sare za watoto wa watu ziko nusunusu!
Ruwaida alikuja mbio kutoka chumbani kwake, akanikumbatia, akalia kuliko mimi. Anasema alikuwa amelala, hakusikia kitu. Halafu akaninong'oneza — huyo mgeni wa getini, unamjua vizuri?

Ijumaa, 5 Juni
Baada ya swala, ploti nzima tumemkalia Bonaya kikao. Ruwaida alisema, mimi nikaitikia. Bonaya akasikiliza mpaka mwisho.
"Mlango yangu mimi nafunga," akasema. "Ya nyinyi yote naona kufuli, mimi najua imefungwa. Sasa naingia wapi?"
Tukamwambia ahame. Jioni ameondoka, godoro begani. Nilitazama pembeni.
Nimenunua kufuli mpya, ina funguo mbili. Wa pili nimempa Ruwaida. Nimpe nani mwingine?

Jumanne, 9 Juni
Maneno ya Bonaya hayanitoki. Mwizi wa nje angevunja. Aliyeingia alijua kufuli haikubanwa — na akairudisha vilevile, kwa mazoea. Mazoea ya humu ndani.
Hapana. Astaghfirullah. Shetani ananichezea.

Jumatano, 10 Juni
Si shetani. Mumina muuza maziwa ametoka Wenje kwa dada yake aliyejifungua. Hata hajatua kibuyu:
"Fundi, mbona cherehani yako iko Wenje? Ile shanga nyekundu umefunga kwa gurudumu, mimi naona."
Kwa nani? Kwenye kibanda kipya cha kaka yake Ruwaida. Tena haishoni, anasema. Kijana anahangaika kutafuta kichuma cha ndani.
Kijumba cha bobini! Mimi hukitoa kila nikimaliza kushona, nakitia kwenye kopo la kahawa. Bado kiko rafuni. Wamechukua ng'ombe, wakasahau chuchu!
Nimecheka peke yangu, halafu nikamkumbuka Ruwaida. Huyu ndiye aliyenikanda mgongo usiku ule mimba ilipoharibika. Huyu! Kikulacho ki nguoni mwako — mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine. Na Bonaya tumemfukuza mchana kweupe.
Jioni Ruwaida alikuja na uji. Nikaunywa. Ulikuwa mtamu kama kawaida yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 11 Juni
Asubuhi bombani nimesema kwa sauti, Ruwaida akisikia: naenda Minjila kumtazama mgonjwa, sirudi mpaka alasiri. Nikaongeza kwamba mwizi hakumaliza, kijumba cha bobini ninacho kwenye kopo. Akaniambia nenda salama shoga, Mungu atakulipa.
Nikazunguka nyuma. Fardosa wa dukani amenifungia humu chumbani kwangu kwa nje, kufuli imebanwa kweli. Hakuuliza mengi. "Abaayo, dada yangu, ukipiga kelele nitasikia," akasema tu.
Nimekaa mkekani nyuma ya pazia. Naandika nikisubiri. Kopo naliona pale rafuni.
Nimeomba asije. Wallahi nimeomba. Asipokuja nitasema Mumina ameona vibaya, shanga nyekundu ni nyingi duniani. Nitashona kwa mkono. Nitaendelea kunywa uji wake.
Ndala. Nazijua ndala hizo.
"Shoga? Arafa, uko?"
Anajua siko! Ameita tena, kwa sauti ya kusikiwa na majirani.
Ufunguo unaingia. Ule niliompa mimi.